Mwacheni Binti Aruke Kamba

Juzi nilishuhudia jambo ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni. Watoto wa dada yangu, mapacha, mvulana na msichana, wametimiza miaka 13. Kama ilivyo kawaida yao wakasimama mlangoni mmoja baada ya mwingine, kitabu kikalazwa kichwani, penseli ikachora ukutani. Msichana kampita mwenzake vidole vinne vizima. Mkubwa mmoja wa familia akaangua kicheko: "Dada mtu kamla kaka yake urefu!" Mvulana akainamisha uso. Kisha mkubwa yuleyule akamgeukia binti, aliyekuwa ameshika kamba ya kuruka, akamwambia, "Na wewe umeshakuwa mtu mzima sasa. Kuruka-ruka waachie watoto." Binti hakujibu. Aliizungusha kamba kiganjani, pole pole, mpaka ikaisha yote, akaisukuma chini ya kiti.

Pale nilinyamaza kwa heshima ya umri. Hapa sinyamazi.

Nianze na mvulana, maana lake ni jepesi. Hajaliwa urefu na mtu. Wasichana huwatangulia wavulana kubalehe, na ile miezi ya kurefuka kwa kasi kuliko wakati wowote wa balehe huwaangukia wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana wakiwa na 14 hivi. Msichana hurefuka kwa kasi ya sentimita 8 hivi kwa mwaka, mvulana 9 au 10. Kuwapima hawa wawili wakiwa na miaka 13 ni kumlinganisha aliyekwisha kupanda mlima na mwenzake ambaye ndiyo kwanza anafunga kamba za viatu. Na viatu vyenyewe vimeanza kumbana, nimeviona, kwa sababu nyayo ndizo hutangulia, miguu ikafuata, kiwiliwili kikaja mwisho. Watu hudhani wanaume huwa warefu kwa sababu ya ile kasi ya balehe peke yake. Inachangia, lakini sehemu kubwa ya zile sentimita kama 13 zinazotenganisha wastani wa wanaume na wanawake inatokana na kuchelewa: mvulana hupata kama miaka miwili zaidi ya kukua kitoto, sentimita 5 au 6 kila mwaka, kabla balehe haijamshika. Huyo aachwe tu, siku zake zinakuja.

Na hata kinachowaachisha kurefuka hakitofautiani kama tunavyodhani. Mfupa mrefu hukua karibu na ncha zake, palipo na ukanda mwembamba wa gegedu, kitu laini kama kile kinachoshikilia sikio. Ukanda huo ukishageuka mfupa, urefu umekwisha. Homoni inayoufunga ni estrojeni, kwa msichana na kwa mvulana vilevile, kwa kuwa mwili wa mvulana hugeuza sehemu ya testosteroni yake, ile inayoitwa homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Mwaka 1994 madaktari walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 mwenye urefu wa sentimita 204, naye alikuwa bado anarefuka. Testosteroni alikuwa nayo ya kutosha. Ila mwili wake haukuweza kuipokea estrojeni. Mifupa yake ilikuwa na umri wa mvulana wa miaka 15, na pamoja na urefu wote ule ilikuwa dhaifu. Huwa namfikiria sana mtu huyo kila ninaposikia estrojeni ikiitwa homoni ya kike, basi.

Lililoniuma mimi ni la binti.

Mfupa hutangulia kurefuka, madini yakaja kuujaza miezi kadhaa baadaye. Katikati hapo unakuwa mrefu ambao haujashiba, na ndiyo maana mikono ya watoto huvunjika sana umri huo, wasichana wakiwa na miaka 11 au 12, wavulana 13 au 14. Mimi nilivunjika kigasha nikiwa na miaka 11. Nilijikwaa nikikimbia, nikajikinga kwa kiganja. Nakumbuka siku plasta ilipokatwa: mkono ulitoka mwembamba, ngozi inabanduka kama karatasi, unanuka. Plasta ilitolewa, lakini marufuku ya kukimbia haikutolewa kamwe. "Mifupa yako laini," niliambiwa, nikakalishwa, nikakaa. Kaka yangu naye alivunjika mkono miaka miwili baadaye, akaambiwa awe mwangalifu, na haukupita muda akarudi kwenye mpira. Sikumwonea wivu wakati ule. Nilidhani ndivyo miili yetu ilivyo.

Kumbe katika miaka miwili tu inayozunguka kilele cha balehe, mwili huweka karibu robo ya madini yote atakayokuwa nayo mtu mifupani ukubwani. Robo nzima, miaka miwili! Na kwa msichana msimu huo huja mapema, ukaondoka mapema. Anapovunja ungo, kasi yake kubwa ya kurefuka kwa kawaida imeshapita kama mwaka hivi, amebakiza sentimita chache tu za urefu. Lakini madini bado yanamiminika. Siku ileile tunayomtangazia kwamba amekuwa mtu mzima, atulie, akae vizuri, ndiyo siku ambayo mifupa yake ina kazi kubwa kuliko siku zote, na mfupa hujengwa kwa kubebeshwa uzito, kwa kutikiswa, kwa kutua chini kwa kishindo.

Najua nitakachojibiwa: mifupa ya mwanamume na ya mwanamke si sawa. Kweli, si sawa. Wakati wa balehe mfupa wa mvulana huongezwa kwa nje, ukapanuka. Kwa msichana estrojeni hupunguza upanukaji huo wa nje, na ukuta wa mfupa ukaongezeka kwa ndani, upande wa uboho. Chukua mabomba mawili yenye uzito na urefu mmoja, moja pana na moja jembamba, ujaribu kuyapinda. Lile pana ndilo litakalokushinda. Kwa hiyo ndiyo, kwa wastani mwanamume huishia na mfupa mpana na mgumu zaidi kuvunjika. Nakubali pia kwamba urithi una nguvu kuliko mazoezi. Sasa niambieni: ikiwa mmoja anajengewa bomba jembamba, ni nani kati yao mwenye haja kubwa zaidi ya kuruka?

Ushahidi upo, tena mzuri. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walichapisha vipimo vya wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi. Kila mchezaji ana mkono unaoshika raketi na mkono usioshika. Wazazi ni walewale, chakula kilekile, homoni zilezile, mikono miwili ya mtu mmoja. Mkono wa raketi ulikutwa na madini mengi kuliko mwenzake, na kwa walioanza kucheza kabla au wakati wa kuvunja ungo, faida hiyo ilikuwa kama maradufu ya walioanza baadaye. Maradufu, kwa sababu tu mtu aliruhusiwa kucheza akiwa bado mdogo.

Yupo anayenionya kwamba mazoezi makali huwaharibu wasichana. Nakubali shingo upande: binti anayejinyima chakula huku akijichosha mpaka hedhi ikakatika, estrojeni yake hushuka na mifupa huumia. Huyo anahitaji kulishwa na kutibiwa. Hana uhusiano wowote na mtoto aliyeshiba anayeruka kamba uani.

Na tusijifanye hatujui yanakoishia. Hedhi ikikoma, estrojeni huondoka na ulinzi wake. Baada ya miaka 50, mwanamke mmoja kati ya watatu atavunjika mfupa kwa sababu ya udhaifu wa mifupa. Kwa wanaume ni mmoja kati ya watano. Nyonga ya bibi inapovunjika kwa kujikwaa kidogo tu tunasema ni uzee. Hatuulizi kama alipokuwa na miaka 13 kuna mtu alimwambia aketi.

Jioni ile, kabla sijaondoka, niliinama nikaivuta kamba kutoka chini ya kiti, nikamfuata binti nje.

"Mama mdogo, si nimeshakuwa mkubwa?" akaniuliza, macho kwenye kamba.

"Umekuwa, mwanangu. Ndiyo maana."

Nilishika ncha moja, kaka yake akashika nyingine, tukaanza kuzungusha. Alihesabu kwa sauti mpaka 63, ndipo kamba ikamnasa kisigino. Akavua ndala, akasema tuanze upya.