Sikupeleka Kompyuta Chuoni Kusomewa

Kwa kuwa sahibu yangu mmoja, ambaye simtaji jina kwa sababu kitu chake bado kiko kwangu, ameshatangaza katika makundi matatu ya simu na baraza mbili za kahawa kwamba Jumanne nilipeleka kompyuta chuoni, kwenye chuo cha Kurani cha Maalim, ili isomewe dua, nimeona bora nieleze mwenyewe kabla habari haijapanda boti kwenda Pemba. Kompyuta haikutoka nyumbani. Nilichopeleka chuoni ni simu, na niliipeleka mbio, nikiwa nimevaa kikoi na fulana.

Mnaonifuata hapa mnakumbuka nilivyoringa kwa ile memori mpya ya kompyuta (RAM), vipande viwili vya gigabaiti 16 kila kimoja, vyenye taa zinazobadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Ilikuwa ya aina ya DDR4, yenye mwendo wa megahezi 3600, na yeyote aliyekaa karibu nami kwa dakika tano aliambiwa hivyo. Nisilowaambia, kwa sababu sikulijua, ni kwamba kiwango rasmi cha DDR4 kinaishia 3200, na kwamba memori ya namna ile ukiichomeka tu hujiendea taratibu, kwa 2133 au 2666, mpaka uingie kwenye bayosi, ile programu ya mipangilio inayoamka kabla ya Windows, uiwashe XMP, mpangilio wa mwendo kasi unaokuja na memori yenyewe, ambayo huipandisha mwendo na kuiongezea umeme kutoka volti 1.2 hadi 1.35. Kwa miezi minne nilijisifia mwendo ambao sikuwa nao. Hilo sahibu yangu alikuwa halijui, na sasa mnalijua nyote.

Kosa la pili lilikuwa la urembo. Kila kipande kilikuja na stika nyeupe yenye nambari ndogo ndogo, iliyobandikwa katikati ya bamba la kupoozea joto. Kwa kile kilichoelekea upande wa kioo cha kasha niliona stika inaharibu sura, nikaibandua kwa ukucha, polepole, huku nikijipongeza kwamba haikuchanika. Mpwa wangu wa miaka saba, ambaye hapitwi na kitu chenye gundi, akaiomba. Nikampa. Tena nilimpa kwa moyo mkunjufu.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na siku nilipoiwasha XMP ndipo balaa lilipoanza. Skrini ikawa inageuka bluu katikati ya kazi, mafaili yakawa yanaharibika bila ya kuguswa, na katika harusi moja ya Mwanakwerekwe nusu ya uso wa bibi harusi ikatoka miraba ya kijani, hata mama yake akaniuliza kwa upole kama huo ndio mtindo wa siku hizi. Nikamjibu kuwa ndio. Nililaumu umeme unaopanda na kushuka, nikalaumu hewa ya chumvi, nikasugua meno ya dhahabu ya memori kwa raba ya penseli, na mwisho nikanunua pawasaplai mpya, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, isiyokuwa na haja. Siku ya nne ndipo nilipotia MemTest86, programu ya kupima memori, kwenye flashi, nikaiacha ipime usiku kucha. Nilipoamka alfajiri nilikuta mistari myekundu imejaa skrini nzima. Kosa moja tu linatosha kuihukumu memori. Mimi nilikuwa nayo mamia. Nikapima kipande kimoja kimoja, nikakihamisha tundu hadi tundu, na kile cha upande wa kioo kikaendelea kukosea hata XMP ikiwa imezimwa.

Nilijifariji kwa utafiti wa mwaka 2009 wa wataalamu wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto, uliokuta kwamba katika mashine za Google zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya memori vilipatwa na makosa ndani ya mwaka mmoja. Faraja haikudumu. Mashine zile zina memori inayogundua na kujisahihishia makosa yake. Yangu ilikuwa na taa.

Boksi liliandikwa kwamba dhamana ni ya maisha. Jumanne baada ya alasiri nikapiga simu ya intaneti kwa kampuni, nikasikilizishwa muziki kwa dakika arobaini, kisha akapokea kijana mpole azungumzaye Kiingereza. Akaniuliza risiti, ninayo. Akaniuliza kama nimepima kipande kimoja kimoja, nimepima. Nilikuwa ninajibu kama mwanafunzi aliyedurusu. Ndipo aliponiomba, ili kumaliza tu, nimsomee nambari iliyo kwenye stika ya kipande kibovu.

Stika ilikuwa kwenye mkoba wa mpwa wangu. Mkoba ulikuwa chuoni. Nikaifikiria ile dakika arobaini ya muziki, nikatoka mbio na simu mkononi.

Chuo ni hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu. Nilipiga hodi na kutoa salamu kwa pumzi moja, na watoto wapatao thelathini wakanyamaza kwa ghafla, ukimya ambao sikuwahi kuusikia mahali pale. Maalim, aliyenifundisha mimi mwenyewe na ambaye fimbo yake ninaitambua kwa mlio, aliniangalia kuanzia miguuni. Nikaomba dakika moja na mkoba wa mpwa wangu. Akaniruhusu kwa kidevu. Niliuinamia ule mkoba nikagundua kwamba miwani nimeiacha nyumbani na zile nambari ni ndogo kama mayai ya sisimizi, basi nikamwambia mtoto anisomee.

Jamani, mtoto wa chuo hasomi kwa kunong'ona. "Sifuri!" akatangaza. Na wenzake, waliozoea kwamba mmoja akisoma wote huitikia, wakaitikia kwa mahadhi: "Sifuriii!" "Saba!" "Sabaaa!" Mimi katikati nimeziba sikio moja ninafasiri kwa Kiingereza, na kijana wa kampuni akaniuliza kwa heshima kama niko uwanja wa mpira. Tulipofika tarakimu ya sita mpwa wangu akasita. Upande wa wavulana wakasema ni nane, upande wa wasichana wakasema ni B, na zogo likawa kubwa hata Maalim akainuka, akavaa miwani yake, akauchukua mkoba.

"Nane," akasema. "Hiyo B mmeiona wapi?" Kisha akanigeukia. "Na nambari hii ni ya nini?"

"Ya memori ya kompyuta, Maalim."

"Memori ndiyo nini?"

Ningeweza kusema ni kipuri. Maneno yalikuwepo mengi. Mdomo wangu ukajichagulia: "Ndiyo inayoifanya kompyuta ihifadhi, Maalim."

Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya kanzu, kioo cha kwanza, halafu cha pili.

"Kwa hiyo imeshindwa kuhifadhi."

"Ndiyo, Maalim."

"Ukaona uilete hapa."

Nilinyamaza. Akairudisha miwani usoni, akanitazama vizuri, kama anayekumbuka daftari la zamani. "Basi imerithi kwa mwenyewe."

Watoto walianguka juu ya mikeka. Mpwa wangu, damu yangu, ndiye aliyecheka kuliko wote. Nilipoinua uso nilimwona sahibu yangu amesimama dirishani na baiskeli yake, mdomo wazi.

Yaliyobaki ni machache. Kijana wa kampuni alisema kwamba stika iliyobanduliwa kwa kawaida huvunja dhamana, lakini kwa kuwa risiti ipo na nambari zimelingana ataniombea kwa mkubwa wake, na jioni ile wakakubali. Vipande vyote viwili, kizima na kibovu, lazima virudi pamoja kwa kuwa viliuzwa kama jozi, na nauli ya kuvisafirisha ni yangu. Stika niliibandua tena ikatoka na kipande cha kitambaa, nikamlipa dada yangu mkoba mpya, na mzigo ukaondoka na boti ya Alhamisi. Kwa sasa ninafanyia kazi memori ya gigabaiti 8 ya kuazima, kuukuu, isiyo na taa, ambayo haijakosea hata mara moja. Ni ya sahibu yangu, ndiyo maana jina lake silitaji.

Jana maghribi nilikutana na Maalim njiani, nikamwamkia. Akaitikia, akapita hatua mbili, akageuka. "Kompyuta imefika juzuu gani?"

"Bado iko Amma, Maalim."