Msiing'oe breki ya tumboni

Wapo watu wanaojiundia ndege ndogo ambao husema breki ya hewani, kile kibao cha tumboni kinachofunguliwa kupunguza kasi ya ndege ikija kutua, ni uzito wa bure, rubani hodari haihitaji. Mimi ni fundi ndege, naishi Kiembe Samaki, Unguja, na kila siku mikono yangu imo kwenye ndege zinazokwenda Pemba. Kauli hiyo siikubali hata kidogo.

Mwaka juzi nilimtembelea jamaa yangu wa Wete anayeishi Afrika Kusini. Ana Long-EZ, ndege ya viti viwili aliyoibuni Mmarekani Burt Rutan, iliyoruka kwa mara ya kwanza 1979. Imejengwa kwa povu gumu lililovikwa faiba na gundi ya epoksi, kazi ambayo mafundi wetu wa boti za faiba wangeielewa kwa kuipapasa tu. Bawa dogo liko mbele, propela nyuma.

Tulipokuja kutua, akataka kunionesha kuwa anaweza bila ya breki. Akainamisha pua, kasi ikapanda. Akainyanyua, ndege ikaelea. Mistari ya mwanzo wa lami ikapita chini yetu, kisha nusu ya lami yote, na magurudumu bado yamo hewani. Nikamwambia, "Yakhe, hii haitaki kukaa!" Akaongeza moto wa injini, tukarudi juu kuzunguka upya.

Safari ya pili akavuta wenzo. Upepo ukanguruma chini yangu, kiti kikatetemeka kidogo, mikanda ikanikaza mabegani. Pua ilikuwa imeinama vile vile, lakini kasi haikupanda tena. Tuligusa ardhi pale alipokusudia.

Ndege ile ni laini mno hewani, upepo hauishiki, na haina flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Flapu kwenye bawa kuu zingeisukuma pua chini kwa nguvu ambayo bawa dogo la mbele lisingeweza kuihimili. Kwa hivyo Rutan aliweka kibao bapa tumboni, kinachofunguka na kuukinga upepo. Bawa linaendelea kubeba kama kawaida. Kinachozidi ni ukinzani wa hewa peke yake. Na ukinzani hufuata mraba wa kasi: kasi ikiwa mara 2, ukinzani huwa mara 4. Ndiyo maana kibao kidogo vile kina nguvu hasa pale unapokihitaji, ukija kwa kasi kubwa.

Nimeambiwa pia kuwa pedali zinatosha. Ni kweli kwamba kwenye Long-EZ usukani wa kila upande, yaani kibao cha kugeuzia pua kilicho kwenye ncha ya bawa, hufunguka kwa nje peke yake, na ukikanyaga pedali zote mbili, zote hufunguka zikapunguza mwendo. Lakini miguu hiyo hiyo ndiyo inayonyoosha ndege upepo ukija wa ubavu. Sioni busara ya kuipa kazi mbili karibu na ardhi wakati tumboni kuna kifaa cha kazi hiyo.

Hapa kwetu lami ya uwanja wa ndege wa Karume imelala kaskazini na kusini, kama pepo zetu zenyewe. Kusi likikupiga usoni, upepo wenyewe unakusaidia. Tangambili, upepo ukilala, hakuna wa kukusaidia, na ndege laini itakwenda itakavyo.

Ila breki nayo ina adabu yake. Nahodha hangoji afike gatini ndipo atue tanga. Ifungue mapema, ungali juu, kasi itulie, kisha usiichezee. Anayeikurupukia akiwa mita chache juu ya lami huishia kuipigiza ndege chini. Na ukiamua kurudi juu, ongeza moto na uikunje papo hapo, maana injini ndogo haiwezi kupanda vizuri huku inaburura kibao.

Kwa anayefunga breki ya umeme, ningependa aweke swichi ndogo kwenye kishikio cha moto, ili kikisukumwa hadi mwisho breki ijikunje yenyewe. Ni waya mbili na jioni moja ya kazi. Jamaa yangu bado anavuta kwa mkono, lakini tangu siku ile hajatua tena bila ya kuifungua.