Droni ya joto na mbwa aliyepotelea mikoroshoni

Januari 2022, kwenye matope ya pwani ya Havant, kusini mwa Uingereza, mbwa aitwaye Millie alikuwa hatarini kumezwa na maji yanayojaa. Droni ilimwona, watu wakamwita, hakuja. Mwishowe waliining'iniza soseji chini ya droni, wakaivuta polepole, naye akaifuata hadi sehemu ya juu maji yasikofika. Tukio hilo linawapa nguvu wanaotaka droni zitafute wanyama waliopotea huku kwetu kusini mwa Tanzania pia, kwenye mikoko ya Mikindani au mashamba ya Tandahimba. Hoja ina uzito wake. Ila tuisome yote: droni ilionyesha mbwa alipo, kilichomtoa ni soseji.

Tuanze na kamera. Kamera ya joto haimtambui mnyama. Inapima tofauti ya joto la vitu kwa nje: manyoya, jani, mchanga. Droni kama DJI Mavic 3T ina kamera ya joto ya pikseli (nukta zinazounda picha) 640 kwa 512. Ikiwa mita 60 juu, pikseli moja inafunika kama sentimita 8 za ardhi, na picha nzima ina upana wa mita 50 hivi. Mbwa wa kienyeji aliyelala amejikunja ni doa la pikseli tano kwa nne. Panda hadi mita 120, paka anabaki pikseli mbili kwa mbili, na hapo huwezi kumtofautisha na kichuguu kilichotunza joto la jana. Kamera za bei ndogo, zile za pikseli 160 kwa 120, kwa kazi hii zinamaliza betri tu.

Kusini adui si giza. Adui ni ardhi kuwa na moto. Kufika saa nne asubuhi kichanga cha Msimbati kimeshapata joto kuliko manyoya ya mbwa. Kabla ya hapo kuna kipindi ambapo joto la ardhi na la mnyama hulingana, naye hupotea kwenye kioo akiwa mbele yako kabisa. Jioni ardhi ikipoa hali hujirudia. Saa za kazi ni kuanzia saa kumi alfajiri hadi kumi na mbili na nusu. Saa mbili usiku watu wengi hudhani panatosha kwa kuwa ni giza, kumbe mawe, lami na tanuri za mkaa bado zinang'aa. Mabati yatakushangaza: usiku huonekana baridi kuliko yalivyo kwa sababu yanaakisi anga. Na juu kule Newala, alfajiri yenye ukungu usijisumbue kurusha.

Halafu kuna mikorosho, na hapa ndipo ushauri wa kutoka nje unapokwama. Joto halipenyi majani. Mkorosho mkubwa umefunga juu na matawi yake yanagusa chini, kwa hiyo ukitazama wima unapima majani tu. Dawa yake ni kushuka hadi mita 30 hivi, kuinamisha kamera kati ya nyuzi 45 na 60, na kupita katikati ya mistari ukichungulia chini ya matawi kutoka ubavuni. Shamba lililopandwa mita 12 kwa 12 linakubali hilo. Lililopandwa kiholela halikubali. Msimu nao una neno: shamba lile lile lisilopitika kwa macho mwezi Machi, nyasi zikiwa kiunoni, linakuwa jepesi Septemba wakulima wakishafyeka chini kusubiri korosho zidondoke. Kwa maoni yetu, msimu una uzito kuliko aina ya droni.

Hesabu ya eneo inatia moyo zaidi. Kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, kila njia ikipandiana kidogo na ya jirani ili upana unaobaki uwe mita 40, unapekua hekta 1.2 kwa dakika. Betri ya Mavic 3T imeandikiwa dakika 45, lakini ukitoa upepo wa kusi na akiba ya asilimia 25 ya kurudia, panga dakika 25 za msako halisi. Hizo ni hekta 30, karibu ekari 75. Ukitoa muda wa kugeuka na kusimama kukagua madoa, sema 60. Hakuna kundi la vijana linalomaliza ekari 60 kabla jua halijawaka. Kwenye mikorosho kwa mita 30 gawa kwa tatu.

Doa likionekana, usiteremke juu yake. Mbwa mwenye hofu atakimbia sauti ya mapangaboi ya droni na utakuwa umemhamisha kijiji. Baki pembeni, vuta picha karibu kwa kamera ya kawaida mwanga ukianza. Mengi ya madoa yatakuwa nguruwe pori, paa, mbuzi wa mtu, au mtu mwenyewe aliyetoka nje kujisaidia. Hilo la mwisho si mzaha. Taa inayonguruma juu ya nyumba saa kumi usiku, katika pwani inayojua habari za mumiani, inahitaji mwenyekiti wa kijiji awe ameambiwa jana yake, na picha za watu zifutwe.

Sheria inapunguza shauku zaidi. Kurusha droni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa kuwa saa zinazofaa ni za giza, uliza mapema kama chako kinaruhusu usiku. Kibali hakipatikani kwa kasi ya mbwa kupotea, kwa hiyo msaada wa kweli ni mtu ambaye tayari anacho. Karibu na mto Ruvuma, tangu machafuko ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaanze 2017, droni isiyojulikana usiku ni suala la usalama kabla halijawa suala la mbwa. Mitambo ya gesi ya Madimba vivyo hivyo.

Je, inalipa? Droni hiyo ilipotoka iliuzwa zaidi ya dola 5,000. Fedha hiyo inanunua zizi la mbuzi. Kwa paka tunasema hapana: aghalabu amejificha nyumba ya pili, chini ya uvungu au kwenye mfereji, na tochi inayomulika macho yake inashinda kamera yoyote. Kwa mbwa anayelinda shamba dhidi ya nguruwe na ngedere, ndiyo, mradi kuna mtu aliyemwona jana. Inapolipa hasa ni kwa ng'ombe. Tangu wafugaji waliotolewa bonde la Ihefu, mkoani Mbeya, waingie Lindi mwaka 2006 na 2007, kundi lililopotea njia likaingia kwenye ufuta ni ugomvi wa vijiji viwili, na ng'ombe arobaini alfajiri huwezi kuwakosa.

Akipatikana mbwa, mpe mwenye mbwa alama ya GPS ya mahali alipo, aende peke yake na chakula, akae chini, asimkimbilie. Mbwa aliyezurura siku kadhaa asishikwe kwa mikono mitupu. Aking'ata, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.