Muuza Kahawa, Baa na Maana ya Kelele

Usiku wa Jumamosi mtaani kwetu Tandika, Dar es Salaam, mifuniko ya sufuria hutetemeka kabatini. Muziki wenyewe wa baa ya jirani hausikiki. Maneno ya wimbo hupotelea njiani, kinachofika ni besi tu, inayopenya ukuta na kugonga kifuani. Mwanangu alipokuwa na miezi mitatu nilimlaza nikiwa nimemfunika sikio kwa kiganja. Kwa hiyo nikisema kelele zinaumiza, sisemi kwa kusimuliwa.

Hata hivyo siko pamoja na wanaotaka mji mzima unyamaze. Kesho yake asubuhi hupita muuza kahawa, birika na jiko la mkaa mkono mmoja, mkono wa pili anagonganisha vikombe viwili vidogo vya kauri. Mlio ule huvuka nyumba kumi, na sijasikia mtu akiulalamikia. Anayepaka rangi za kucha naye hugonga vichupa vyake, fundi cherehani wa kutembea huchezesha mkasi. Ukiita "kahawa!", vikombe vinanyamaza papo hapo. Hapo ndipo ninapouona mpaka. Sauti ya muuza kahawa inasubiri jibu, na ikijibiwa inakoma. Besi ya baa huwezi kuijibu.

Mpaka huu Waswahili tuliuchora zamani kwa hodi. Mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa, anaondoka. Ni sauti inayoingia nyumba ya watu, lakini ina idadi, na inamwachia mwenye nyumba haki ya kukaa kimya.

Wahandisi nao wana maana yao. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alieleza kelele kuwa ni chochote kinachouvuruga ujumbe ukiwa njiani kutoka kwa mtumaji kwenda kwa mpokeaji: mikwaruzo ya laini ya simu, chenga za televisheni. Njia mojawapo ya kuuokoa ujumbe ni kuurudia. Konda wa daladala anaijua njia hiyo bila kufundishwa: "Kariakoo, Kariakoo, Kariakoo!" Mngurumo wa injini ukimeza la kwanza, la pili litafika. Mgeni wa mji na asiyejua kusoma kibao wanamtegemea, hivyo anayemwita msumbufu tu hamtendei haki. Shida ni kwamba sauti ya kila konda ni kelele kwa konda mwenzake. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alionyesha mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujijua. Stendi nzima ikifanya hivyo, hakuna anayesikika zaidi ya alivyosikika mwanzo. Makoo ndiyo yanayokauka.

Sheria imechagua kupima. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kenya ina zake za 2009. Zinahesabu desibeli, yaani kizio cha ukubwa wa sauti, na kipimo tunakihitaji kwa sababu sikio hudanganyika: sauti ikipanda desibeli 10, nguvu yake imeongezeka mara 10, ilhali sisi tunahisi imezidi kama mara mbili tu. Shirika la Afya Duniani linazihusisha kelele za muda mrefu na magonjwa ya moyo, mbali na usingizi unaokatika. Mwenye baa atajibu kwamba analipa kodi na leseni, kwamba wahudumu, mchoma nyama na bodaboda wa nje wanakula kwa muziki huo. Ni hoja nzito, naiheshimu. Lakini nyama inaiva vilevile spika zikigeuziwa ndani.

Mashine ya desibeli, kwa upande wake, haijui nani anaita na kwa nini. Yowe la mwizi saa nane usiku na vigelegele vya harusi vinaweza kusoma sawa na spika ya baa. Mtaa unaotoka nje kwa yowe ndio mtaa ninaotaka kulelea mwanangu. Spika za ibada ni ngumu zaidi kuzisemea. Adhana ni ya dakika chache, kengele ya kanisa pia, na kila mtu anajua saa zake. Mkesha au mawaidha yanayorushwa nje kwa saa nyingi ni jambo jingine, na sioni ibada inapungua nini spika zikiwaelekea waliohudhuria.

Ukilalamika utaambiwa: kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Ni kweli kabisa. Mwenye nyumba ameuzoea mlango wake, na akiuchoka atautia mafuta. Sisi majirani mlango si wetu.

Aliyenitatiza ni machinga anayepita na kipaza sauti chenye sauti iliyorekodiwa, "elfu mbili, elfu mbili", kutwa nzima. Hakisubiri jibu, kwa hiyo kwa kipimo changu ni kelele. Nikamsimamisha, nikamuuliza kwa nini asiite mwenyewe. Akasema aliita kwa mdomo miaka mitatu, hadi jioni akifika nyumbani anashindwa kuongea na watoto wake. Wakati wote tulipokuwa tunazungumza alikuwa amekizima. Nikanunua sufuria, tukaagana, akakiwasha tena alipofika kona, mbele ya nyumba ya mgonjwa ambaye yeye hakuwa na namna ya kujua kwamba yumo.