Mwenye Mavi Asiyafiche

Dokta, mwalimu wetu wa mambo ya kale, alinituma mimi nikaongee na wanakijiji kwa sababu, alisema, nina mdomo. Laiti angejua.

Ilikuwa upande wa Kibiti, mkoa wa Pwani. Barabara ya vumbi ilikuwa iwekwe lami, na kivuko cha magogo juu ya korongo kigeuzwe daraja la zege. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka tathmini kabla mradi kama huo haujaanza, na watu wa mambo ya kale huwa nao wanapitishwa, kwani greda likishapita hakuna cha kurudisha. Basi waliopita ni sisi: Dokta, wanafunzi watatu wa mwaka wa tatu na vibarua wanne. Tunajipanga mstari, mita 15 mtu na mtu, macho chini kama waliodondosha hela. Tukifika pa kupima tunachimba shimo, udongo unapigwa chekeche, kinachobaki kinaingia mfukoni na kuandikwa.

Kwa siku nne kilichobaki kilikuwa mizizi.

Dokta hakukata tamaa. Ukanda ule ni wa wafua chuma wa zamani. Pale Limbo, Profesa Felix Chami alifukua mabaki ya uyeyushaji chuma yanayokaribia miaka 2,000. Alama zao haziozi: vipande vya kewa, ule mdomo wa udongo wa mvukuto, na mavi ya chuma, yale makapi meusi mazito yanayobaki madini yakishayeyushwa. Jina hilo sikulitunga mimi, limo kwenye kamusi.

Jioni tukakutana na wenyeji chini ya mwembe. Nikaeleza barabara, nikaeleza historia, watu wakaanza kusinzia. Nikaona nikate kona: "Ndugu zangu, kesho tutapita nyuma ya nyumba zenu tukitafuta mavi ya chuma. Mwenye nayo asiyafiche, atuonyeshe."

Hilo la "ya chuma" nililisema, naapa. Ila bodaboda ilipita wakati huohuo.

Alfajiri tuliamshwa na majembe. Kitongoji kizima kinachimba vyoo. Wengine wanasuka makuti mabichi ya kuzungushia, na jirani mmoja asiyekuwa na choo kabisa alikuwa ameshakimbilia shamba. Kumbe tumeshakuwa mabwana afya. Nikiwa bado napiga mswaki, kijana wa kama miaka minane akanikabidhi kiberiti kilichofungwa kwa uzi.

"Shikamoo. Mama kasema ni ya leo asubuhi."

Nilikipokea. Ningefanyaje?

Saa nne nikafika kwa bibi mmoja aliyekaa barazani anasuka ukili, mkeka wake ameugandamiza kwa jiwe jeusi usipeperuke. Nikalisogeza lile jiwe kwa mguu nipate pa kuchutama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiwe unayetafuta mavi?"

"Ya chuma, bibi."

"Mimi sichagui. Nenda pale kwenye mpapai."

Mpapai wenyewe umenona kama mke wa tajiri. Chini yake udongo mweusi, laini, wa kusagika. Darasani tuliambiwa: ukiona udongo wa hivyo, hapo binadamu amekaa. Jembe likawa linazama lenyewe. Sentimita 40, vigae. Sentimita 60, majivu! Nikampigia Dokta ukelele, nikaingia shimoni na mwiko wangu kunyoosha kuta zipigwe picha.

Sakafu ikaachia.

Nilizama hadi kiunoni, taratibu, kama tonge kwenye mchuzi. Kwanza kimya. Halafu harufu. Dokta akaja mbio na kamera na ile fimbo ya kupimia yenye rangi nyekundu na nyeupe, akasimama ukingoni, akavuta pumzi, akajuta. Vibarua walinivuta kwa kamba ileile ya kupimia mashimo. Nilitoka mimi, na kandambili moja ya bluu isiyo yangu.

Bibi hakuinuka. "Si ulisema unatafuta? Hicho ni choo cha marehemu babu yenu. Tulikifukia mwaka ule wa mvua za El Niño."

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Dokta aliitazama ile kandambili kwa mbali. "Hii haimo," akasema, lakini akaiandika, mtu wa kazi yule.

Niliporudi kuoga kisimani, mara ya tatu na sabuni ya kufulia, nilimkuta Dokta amepiga magoti barazani kwa bibi, amelishika lile jiwe la mkeka kwa mikono miwili kama kichanga. Zito, jeusi, lina vitundu vitundu.

"Bibi, hili mmelitoa wapi?"

"Korongoni hapo, penye kivuko. Yamejaa."

Nikashindwa kujizuia. "Sasa bibi, mbona hukuniambia?"

Akanitazama juu mpaka chini, akasogeza mkeka wake mbali kidogo na mimi.

"Wewe uliuliza mavi. Hilo ni jiwe."