Hendibreki ya kuvuta au ya kitufe kwa milima ya Kibosho?

Shemeji anataka kubadilisha gari, na kabla hata ya bei ameniuliza kuhusu hendibreki. Kwa mtu wa Kibosho, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hilo si swali dogo. Kila Desemba nyua za huku hujaa magari kutoka Dar, yameegeshwa kwenye miteremko ambayo mpira ukikuponyoka unaufuata kihambani, shambani kwa jirani.

Uzuri wa hendibreki ya kuvuta ni kwamba inachoka huku ukiona. Kwenye Toyota nyingi ukiivuta hushika baada ya kulia ka! mara 5 hadi 9. Ukifika 12, ujue waya umelegea au breki shuu zinaisha, na hakuna fundi asiyeweza kuikaza. Breki ya mguu ikikata njiani, unaivuta kidogo kidogo kwa mkono wako mwenyewe. Kasoro iko kwetu madereva. Wenye otomatiki wengi wanatia P, gia ya kuegesha, na kushuka, uzito wote wa gari ukabaki kwenye kijino kimoja ndani ya gia boksi. Waya usiotumika unashika kutu, na siku ukivutwa hauachii tena.

Ile ya kitufe ilianza kuonekana kwenye magari kama BMW 7 Series mwaka 2001. Mota inabana pedi kwa nguvu ileile, anayebonyeza awe bibi au kijana, na mifumo mingi hukaza tena diski zikipoa. Mingine hujifunga yenyewe ukizima injini. Ukishikilia kitufe gari likiwa mwendoni, kwa kawaida kompyuta hupunguza mwendo bila kuachia gari liteleze, wakati ile ya kuvuta ikivutwa kwa pupa inafunga magurudumu ya nyuma na gari linageuka. Kwa usalama, mimi niko upande wa kitufe.

Lakini kuna gereji. Mwaka jana nilisimama kando ya fundi mmoja, mtu makini kweli, akibadilisha pedi za nyuma za gari la namna hiyo. Akasukuma pistoni irudi ndani kama alivyozoea. Ikagoma. Akaongeza nguvu, ikalia ka! Skrubu ya mota ilikuwa bado imeishikilia. Ilitakiwa irudishwe kwanza kwa mashine ya kupimia gari. Kalipa, kifaa chenye pistoni hiyo kinachobana pedi, ikafa hapohapo. Na betri ikiisha hendibreki ikiwa imefunga, hata mkija vijana kumi gari halisukumiki.

Nimemwambia shemeji achukue la kitufe, ila kwanza ampate fundi wa Moshi mjini mwenye mashine hiyo na anayejua kuitumia, na betri aipime kabla ya safari ya Desemba. Asipompata, anunue la kuvuta na azoee hivi kila anapoegesha: mguu kwenye breki, hendibreki, ndipo P. Akifika kwao, lolote atakalokuwa amenunua, aweke jiwe chini ya tairi upande wa mteremko. Watoto wanacheza pale chini.