Sehemu ya Pili

Kijana wangu wa kambo karudi kutoka Kariakoo na fleshi imejaa filamu za Inspekta Clouseau, yule polisi wa Kifaransa anayekamata kila kitu isipokuwa mwizi. Jumamosi usiku umeme ukatuhurumia huku Mbagala, tukakaa sebuleni. Mbili za kwanza nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ya tatu nikanuna.

"Mbona leo jamaa hachekeshi?"

"Alishakufa, Anko."

"Kafa wapi? Si huyo hapo anaanguka!"

Kumbe Peter Sellers, mwigizaji wa Clouseau, kafariki Julai 1980, filamu imetoka 1982! Wameokota vipande walivyovikata kwenye filamu za nyuma, wakaunga, kama fundi wa Tandika anayekushonea shati kwa mabaki ya wateja: mkono kitenge, mgongo sare ya shule. Sisi mtu akifa tunasoma arobaini, basi. Wenzetu wanamrudisha kazini. Mjane akawashtaki, mahakama ikampa zaidi ya dola milioni moja. Hapo nilipiga makofi peke yangu.

Wamekoma? Thubutu! Mwaka 1983 wakamleta Ted Wass, polisi mwingine, eti anamtafuta Clouseau aliyepotea. Mwaka 1993 Roberto Benigni, eti mtoto wake. Mwaka 2006 Steve Martin kapewa jina lenyewe na sharubu juu.

Nikapandwa na jazba. "Hawa hawana haya! Mtu kaondoka, mnamvalisha mwingine nguo zake halafu mnataka tucheke?"

Sebule ikawa kimya. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Muheza kwa wiki moja na huu ni mwezi wa tatu, akanitazama kuanzia kichwani akashuka taratibu mpaka kwenye msuli.

Msuli wa marehemu.

Mimi nimeoa mjane, ndugu zangu. Kiti ninachokalia cha marehemu, ndala zake zimenienea, hata paka nilimkuta. Na kila nikigusa kitu, nasomewa historia. Marehemu alikuwa akishuka Rangi Tatu lazima awe na mkate. Marehemu hakuwa anakoroma. Marehemu luku haikuwahi kumwishia usiku. Haikuwahi! Mtu muuza maji alikuwa anamdai mpaka juzi, na deni nimelipa mimi. Madeni yamehamia kwangu, sifa zimebaki kwake.

Nikaanza kumwonea huruma Ted Wass. Kijana wa watu kaambiwa aanguke, kaanguka, na watu wanamtazama yeye huku wanamkumbuka mwingine. Tena yeye ilikuwa filamu moja, akaenda zake. Mimi niko msimu wa nne.

"Hebu rudisha ile ya 1983," nikamwambia kijana. "Na safari hii tucheke. Wote."

Akarudisha. Nikacheka peke yangu, kwa nguvu, hata pasipochekesha. Mama mkwe akanyanyuka, akajifunga khanga vizuri, akaenda kulala. Alipofika mlangoni akageuka.

"Marehemu," akasema, "wala hakuwa mtu wa filamu."